Speke: Ubini Adimu wa Kiingereza Uliofika Ziwa Nyanza

Meli inayotoka Mwanza kwenda Nansio hukata mdomo wa maji mapana ambayo ramani za Tanzania huyaita Ghuba ya Speke. Mito ya Simiyu, Mbalageti na Grumeti humwaga maji yake humo, na wavuvi wa Magu, Busega, Bunda na Ukerewe hutia nyavu zao humo kila siku. Wengi wao hulitamka jina hilo kwa silabi mbili, Spe-ke, kama linavyoandikwa. Mwingereza akiwasikia atashtuka kidogo, kwa sababu kwake jina hilo ni silabi moja tu, Spiik. Lakini aliyeliacha njiani tamko la zamani ni yeye. Irabu ndefu ya e katika Kiingereza ilipanda na kuwa i kati ya karne ya 15 na ya 18, na ile e ya mwisho ilikuwa imekwisha kunyamaza hata kabla ya hapo. Karani wa Uingereza wa mwaka 1300 pengine angemwelewa mvuvi wa Ukerewe kwa wepesi zaidi kuliko angemwelewa Mwingereza wa leo.

Mwenye jina hilo, John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, aliliona Ziwa Nyanza kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la Victoria, malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza na Waarabu wa Tabora wakiliita Ukerewe. Safari zake zimesimuliwa mara nyingi na sina haja ya kuzirudia. Ninachotaka kukifuatilia ni ubini wake, yaani jina lake la ukoo, ambalo huko kwao ni adimu, lina zaidi ya asili moja inayodaiwa, na limezungukwa na hadithi za nasaba ambazo baadhi yake zinaporomoka zikiguswa tu.

Kwanza tukubaliane kuhusu namna Waingereza walivyopata majina ya ukoo, maana hayakuwepo tangu zamani. Kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi mwaka 1066, mtu alikuwa na jina moja, na akihitaji kutofautishwa na mwenziwe aliongezewa neno ambalo halikurithiwa. Kurithisha neno hilo kwa watoto kulianza kwa mabwana wa ardhi, hasa kwa sababu ya mirathi, kukashuka polepole kwa watu wa kawaida hadi karne ya 14. Maneno yenyewe yalitoka katika mahali mtu alipotoka, jina la baba yake, kazi yake, au lakabu aliyobandikwa na majirani. Hayo si mambo mageni kwetu. Kiongozi wa msafara aliyetembea na Speke maelfu ya maili, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa India, na jina la mji wa huko likamganda. Kwa hesabu ya wanaochunguza majina, Bombay ni jina la mahali, sawasawa na maelfu ya majina ya Kiingereza. La Speke lina utata zaidi, kwa kuwa linaweza kuwa lakabu na linaweza kuwa mahali.

Tuanze na lakabu, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mzito kwa ukoo wa Speke mwenyewe. Katika Kifaransa cha Kale kulikuwa na neno espec, au espeche, lililomaanisha kigong'ota, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo akitafuta wadudu. Ile e ya mwanzo haikuwa sehemu ya mzizi. Wafaransa hawakupenda kuanza neno kwa sauti za sp zilizobanana, wakatanguliza irabu, kama Mswahili anavyochomeka irabu ndani ya kilabu na burashi ili ulimi usikwame. Waingereza hawakuwa na shida na sp, kwa hiyo jina lilipozoea nchi yao e ilidondoka, na Espec akawa Spec, kisha Speke. Kwa nini mtu aitwe kigong'ota? Labda pua yake ilikuwa ndefu, labda alivaa rangi za kung'aa, labda alikuwa na kelele au hakuchoka kugonga jambo lilelile. Lakabu haiachi maelezo nyuma yake, na anayedai kujua sababu yake baada ya miaka 900 anatunga.

Jina hilo linaonekana mapema sana. Katika Domesday, daftari kubwa la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, yumo Willelmus Spech mwenye ardhi Bedfordshire. Kizazi kinachofuata anatokea Walter Espec, anayedhaniwa kuwa mwanawe, mtu mzito kweli kweli: bwana wa Helmsley huko Yorkshire, mwanzilishi wa monasteri ya Rievaulx mwaka 1132, na mmoja wa viongozi wa jeshi la Waingereza lililowashinda Waskoti katika vita vya mwaka 1138 karibu na Northallerton. Mtu wa namna hiyo ni kishawishi kwa kila mwandishi wa nasaba. Nani hataki babu aliyejenga monasteri na kushinda vita?

Hapo ndipo fundo la kwanza lilipo. Walter alikufa katika miaka ya 1150 bila kuacha mtoto, na mali yake ikagawanywa kwa dada zake, ambao watoto wao walibeba majina ya waume zao. Kwa hiyo hakuna Speke yeyote anayeweza kushuka kwake moja kwa moja. Akina Speke wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ambao ndio ukoo wa mpelelezi wetu, huenda wana damu moja na Willelmus wa Bedfordshire kupitia tawi jingine, na huenda hawana kabisa, kwa kuwa lakabu ya ndege inaweza kubandikwa mara mbili katika vijiji viwili visivyojuana. Majina mawili kufanana katika hati si ushahidi wa undugu, hata yawe adimu namna gani.

Ukoo wa kusini-magharibi unajulikana vizuri zaidi. Kufikia karne ya 12 ulikuwa na ardhi Devon, kando ya mto Exe kaskazini ya mji wa Exeter, katika kijiji ambacho leo kinaitwa Brampford Speke. Msomaji anayetafuta asili ya jina akiona kijiji chenye jina la ukoo atafurahi na kusema amefika. Atakuwa amelivaa koti kinyume. Kijiji kilikuwa Brampford tu, na jina hilo la kwanza linahusu kivuko cha mto. Neno la pili liliongezwa baadaye ili kukitambulisha kwa mabwana wake, maana majina ya vivuko na mashamba yalikuwa yakijirudia mno. Desturi hiyo imejaa Devon na Somerset: jirani yake kuna Upton Pyne, kilichochukua jina la ukoo wa Pyn, na kule Somerset kuna Shepton Mallet na Dowlish Wake, vilivyochukua majina ya Malet na Wake. Katika mifano yote hiyo ni watu walioipa ardhi jina lao, wala si ardhi iliyowapa wao.

Hata hivyo kuna mahali pengine panapoitwa Speke, na hapa mambo yanageuka. Ni kusini-mashariki mwa Liverpool, kando ya mto Mersey, ambako uwanja wa ndege wa mji huo uliitwa Speke kwa miongo mingi. Mahali hapo pameandikwa katika Domesday kama Spec, na maelezo yanayokubalika ni kwamba neno hilo ni la Kiingereza cha Kale, lenye maana ya vijiti au kichaka, halina uhusiano wowote na ndege wa Kifaransa. Pana jumba maarufu la mbao na chokaa, Speke Hall, lililoanza kujengwa karibu mwaka 1530, na wageni wanaolitembelea mara kwa mara hudhani ni kwao na mpelelezi wa Nile. Lilijengwa na ukoo wa Norris. Lakini mtu aliyetoka kijijini hapo katika karne ya 13 akahamia kwingine angeweza kabisa kuitwa wa Speke na kuwarithisha watoto wake jina hilo. Basi tunao watu wa namna mbili, wa kigong'ota na wa kichakani, wenye jina lililoandikwa kwa herufi zilezile.

Na herufi zenyewe hazikutulia. Rejista za parokia, ambazo Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza ziwekwe mwaka 1538, zilijazwa na makasisi walioandika walichosikia. Muumini mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma, kwa hiyo hakuwa na la kusahihisha. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kubatizwa kwa tahajia mbili, na mmoja wao akazikwa kwa ya tatu. Ndiyo maana pembeni mwa Speke tunakuta Speak, Speake, Speakes, Speek na Speck. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza Uingereza na Wales mwezi Julai 1837, kila familia ilijikuta imegandishwa katika tahajia iliyokuwa mkononi mwa karani siku hiyo. Uhaba wa Speke unatokana kwa sehemu na jambo hilo: wengi waliokuwa na jina lilelile wamehesabiwa kwingine kwa sababu ya herufi moja. Tahajia ya zamani yenye e ya mwisho ilishikiliwa na familia ya kabaila iliyokuwa na hati, makaburi ya mawe na mihuri ya kulinganisha, wakati wakulima na mafundi waliachiwa Speak, ambayo ilifanana na kitenzi cha kila siku chenye maana ya kusema. Kufanana huko kumezaa hadithi ya kienyeji kwamba mababu walikuwa wasemaji wa mji. Haina msingi.

Ukizitandaza tahajia hizi kwenye ramani, hasa kwa kutumia sensa ya 1881 ambayo watafiti huipenda kwa sababu imenakiliwa yote, unaona kitu chenye maana. Speke hushikamana na Somerset na Devon. Speak yuko zaidi kwenye mpaka wa Lancashire na Yorkshire. Speake yuko upande wa Shropshire, kuelekea Wales. Na kule Yorkshire ya magharibi kuna Speight kwa wingi, jina lililotokana na neno jingine la kale la Kiingereza lenye maana ileile ya kigong'ota, kwa hiyo ni jamaa kwa maana bila kuwa jamaa kwa damu. Mtu angetamani kusema kwamba wa kusini ni wa ndege na wa Lancashire ni wa kichaka karibu na Liverpool, na huenda ni kweli kwa wengi wao. Lakini ramani ya 1881 inaonyesha watu walipokuwa miaka 500 baada ya majina kuganda. Katikati ya hapo walioa, walifuata viwanda vya pamba na walihamia mijini.

Amerika inaongeza fundo lake. Katika karne ya 17 alikuwepo Virginia Kanali Thomas Speke, ambaye mjane wake, Frances Gerard, baada ya ndoa nyingine kadhaa aliolewa na John Washington, baba wa babu yake George Washington. Hao ni Waingereza. Lakini Speck wa Pennsylvania mara nyingi ni Mjerumani, na jina lake linatokana na neno la Kijerumani la mafuta ya nguruwe, pengine kwa sababu babu aliyauza au aliyapenda kupita kiasi. Kigong'ota, kichaka na mafuta ya nguruwe vyote vinaweza kukaa katika safu moja ya kitabu cha anwani.

Turudi Somerset, kwa sababu huko ndiko uhaba wa jina unaonekana ukitokea mbele ya macho. Katika karne ya 15 ukoo ulipata Dowlish Wake kwa kumwoa mrithi wa ukoo wa Keynes, kisha kwa ndoa nyingine ukapata Whitelackington, karibu na mji wa Ilminster. Sir John Speke, aliyefariki mwaka 1518, ana kanisa lake dogo la ukumbusho ndani ya kanisa kuu la Exeter. Karne moja na nusu baadaye walijiingiza katika siasa za hatari. Walimuunga mkono Duke wa Monmouth, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II aliyekitaka kiti cha ufalme, na uasi wake uliposhindwa mwaka 1685, Charles Speke alinyongwa hapo hapo Ilminster. Inasimuliwa kwamba watu walimwombea kwa Jaji Jeffreys wakisema aliyeasi hasa ni kaka yake, aliyekwisha kukimbia, na jaji akajibu kwamba ukoo huo unadaiwa roho moja, basi afe yeye kwa ajili ya jina. Iwe kweli au imetiwa chumvi, sijapata kusikia ubini ukimgharimu mtu zaidi ya hapo.

Hata hivyo kilichokata tawi kuu la ukoo si kamba. Ni binti. George Speke wa Whitelackington alifariki mwaka 1753 akiacha mrithi mmoja, Anne, ambaye mwaka 1756 aliolewa na Frederick North, yule Lord North aliyekuja kuwa waziri mkuu na kupoteza makoloni ya Amerika. Ardhi ilikwenda naye, damu iliendelea, watoto walikuwa wengi, lakini wote waliitwa North. Jina lilibaki kwa tawi dogo la nyumba ya Jordans, jirani na Ilminster, na ndilo lililomzaa John Hanning mwaka 1827. Yeye mwenyewe hakuoa. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba 1864 alipokuwa akiwinda huko Wiltshire, akazikwa Dowlish Wake, na ndugu zake ndio walioendeleza ubini.

Jambo hili la majina kufa lilimsumbua Francis Galton, ambaye alikuwa katika uongozi wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia wakati jumuiya hiyo ikimtuma Speke Afrika, na ambaye baadaye alijipatia sifa mbaya kwa nadharia zake za kuboresha vizazi vya watu. Aliuliza kwa nini koo nyingi mashuhuri za zamani zimetoweka. Mwaka 1874 yeye na Henry Watson walitoa jibu la kihesabu: katika kila kizazi mwanamume ana uwezekano fulani wa kutopata mtoto wa kiume, na jina lenye wabebaji wachache linaweza kuzimika kwa bahati tu, bila ugonjwa wala laana. Watson aliteleza akahitimisha kwamba majina yote mwishowe hufa. Kosa hilo lilirekebishwa baadaye: kama wastani wa wana wa kiume unazidi mmoja, jina lina nafasi ya kudumu. Msingi wenyewe ulibaki palepale. Jina la Smith, lenye maana ya mhunzi, lilianza katika kila kijiji chenye kiriba na nyundo, kwa hiyo haliwezi kufa. Lile lililoanza na mtu mmoja au wawili linatembea juu ya uzi.

Kipimo cha vinasaba sasa kinaweza kusema ni uzi gani. Kromosomu Y hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya ubini, hivyo wanaume wenye jina moja wanaweza kulinganishwa. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha uchunguzi wa majina 40 ya Uingereza uliohusisha wanaume wapatao 1,700. Wenye jina la Smith walifanana kama wapita njia. Wenye majina adimu walifanana mno, na kwa jina la Attenborough, lililotokana na kijiji kimoja cha Nottinghamshire, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa na kromosomu Y ya kundi moja. Miaka miwili kabla, watafiti wa chuo hichohicho walikuwa wamechunguza ubini mmoja adimu wa Yorkshire ya mashariki na kukuta kwamba wanaume 7 kati ya 18 wana kromosomu ya kundi linalopatikana Afrika Magharibi. Walikuwa Waingereza weupe ambao hawakuwa na habari yoyote ya babu Mwafrika, na hati zao zilirudi hadi karne ya 18 bila kumtaja. Jina halikuwaambia kitu.

Kipimo hicho kina upofu wake. Hakimwoni Anne wala watoto wake. Kinavunjika pia pale mtoto alipoasiliwa, alipozaliwa nje ya ndoa, au mtu alipojichagulia jina. Mfano uko hapo hapo ziwani. Ghuba ilipewa jina la Speke na Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 akaandikishwa John Rowlands, na alijivika jina la Stanley alipofika Marekani. Aliyelipanda jina la ukoo wa kale wa Somerset katika maji ya Nyanza hakuwa akitumia hata lake la kuzaliwa.

Baada ya hapo jina liliendelea kusambaa. Mlima Speke wenye meta 4,890 uko Ruwenzori, upande wa Uganda, na Kampala ina barabara na hoteli yenye jina hilo. Wanazoolojia nao walilitia Kilatini, na hata wao tahajia iliwashinda. Yule paa wa majini aitwaye nzohe ni Tragelaphus spekii, na kobe mmoja wa nyika zetu ni Kinixys spekii, kwa i mbili. Kwera aliyepewa jina la Speke ni Ploceus spekei, na swala wa Somalia ni Gazella spekei, kwa e na i.